Anayeagiza na Anayejibu

Mtu aliyekuwa na mamlaka makubwa kuliko wote katika kiwanda cha unga nilichoanzia kazi, huku Viwandani jijini Nairobi, hakuwa na ofisi wala kiti. Alikuwa nyapara wa lango la nyuma. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumejipanga ukutani, wengine tumetembea kutoka Mukuru kwa Njenga, wengine wameshuka matatu za Kayole pale barabarani, naye anapita akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye sweta. Ambaye hakunyooshewa kidole alirudi nyumbani na njaa yake. Jina la mkurugenzi hatukulijua. Meneja wa uzalishaji tulimwona kwa mbali akishuka garini. Kwetu sisi vibarua kampuni nzima ilikuwa na mkubwa mmoja, na alivaa gambuti.

Tangu wakati huo nimepita ngazi kadhaa katika eneo hilohilo: karani wa stoo, msimamizi wa zamu, kaimu meneja wa ghala, na sasa meneja. Njiani nimebadilisha kampuni pia. Naandika haya kwa sababu vijana wengi ninaowapokea kazini wanadhani madaraka ni kama maji ya tangi la juu ya nyumba, kwamba yamejaa kule juu na yanateremka kidogo kidogo hadi kwa wa mwisho. Mimi nimeyakuta mahali ambapo hakuna aliyeyatarajia. Nimeona pia watu wema wakiumizana kazini kwa sababu aliyeagiza ni mmoja, mwenye saini ni mwingine, na wa kujibu mambo yakiharibika ni wa tatu.

Huyo nyapara, kwa mfano. Nikiwa kibarua niliamini yeye ndiye anayeamua nani apumzishwe. Kila baada ya wiki kadhaa baadhi yetu tuliambiwa, "Nyinyi pumzikeni kidogo, mtarudi," nasi tukamchukia yeye. Nilipoingia ofisi ya stoo ndipo nilipoiona orodha yenyewe. Ilitoka idara ya wafanyakazi, imepigwa chapa, na chanzo chake kilikuwa sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwezi, na kinga za mfanyakazi wa mwezi humfuata. Kwa hiyo walioukaribia mwezi walikatwa kabla hawajautimiza. Nyapara alipewa majina, akayatekeleza, akabeba laana zetu. Aliyebuni mpango huo hakuwahi kusimama langoni alfajiri, na hakuna kibarua aliyemjua kwa sura.

Simtetei nyapara. Uwezo wa kuchagua kati ya watu wote wale ulikuwa wake kweli, na wapo waliomtolea kitu kidogo ili awaone. Lakini tangu nilipoiona ile orodha, kila nikisikia amri ya ajabu huwa namtafuta mtu wa pili, aliyesimama nyuma ya anayesema. Nauliza imeandikwa wapi na imesainiwa na nani. Mara nyingi anayeisema hajui.

Aliyenifundisha mengi ni mtunza stoo wetu, ambaye kila mtu alimwita Mzee. Kwenye orodha ya ofisi jina lake lilikuwa karibu na mwisho. Siku moja dereva wa mkurugenzi alirudisha gari kinyumenyume hadi mlango wa stoo akitaka marobota ishirini ya unga. Mkurugenzi alikuwa na harusi kwao. Mzee akamwomba hati.

"Mzee, huu unga ni wa nani?"

"Wa kampuni."

"Na kampuni ni ya nani?"

"Hilo waulize mawakili. Mimi nataka hati."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na daftari mkononi, moyo unanidunda. Dereva akapiga simu. Baada ya muda mkurugenzi mwenyewe akashuka kutoka ghorofani, na stoo nzima ikasimama. Mzee akavua kofia, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamfungulia kitabu. "Mkubwa," akasema, "wewe unaweza kuidhinisha hata marobota elfu. Lakini anayeomba, anayeidhinisha na anayetoa lazima wawe watu watatu. Ukiomba wewe na kuidhinisha wewe, mkaguzi akija atanikamata mimi." Mkurugenzi alinyamaza kidogo. Akatuma aitwe mhasibu mkuu aje aidhinishe, yeye akasaini upande wa mwombaji, bei ikaandikwa kwenye akaunti yake binafsi. Unga ukatoka na pasi ya geti kama mzigo wa mteja mwingine yeyote.

Jioni tukifunga Mzee aliniambia, "Binti yangu, mimi sikumkatalia mtu. Kitabu ndicho kilichokataa."

Habari hiyo ilikuwa imeenea kiwanda chote kabla ya chakula cha mchana, na nadhani ndilo jambo bora zaidi mkurugenzi yule alilofanya mwaka ule. Angeweza kumfukuza Mzee na hakuna ambaye angeshangaa. Alipokubali kusaini mahali pa mwombaji, kila meneja alielewa kwamba hata yeye atasaini. Tangu siku hiyo sikumwona dereva wa mkubwa yeyote akija stoo bila hati. Mlango wa stoo ulikuwa na mamlaka ambayo hayakutegemea nani amesimama pale, na mzee mwenye mshahara mdogo aliweza kuyashika kwa sababu wa juu kabisa aliyatii.

Kwenye biashara ya unga, swali la nani ni mkubwa wa nani si la heshima tu. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, sumu ambayo jicho haliioni na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni sehemu 10 kwa kila bilioni. Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidisha kiwango hicho. Kampuni niliyokuwamo haikuwa miongoni mwa hizo, lakini hofu iliingia kila kiwanda Viwandani.

Kwetu, wakati huo, ofisa wa ubora aliripoti kwa meneja wa uzalishaji. Hebu lifikirie jambo hilo. Mtu ambaye kazi yake ni kusimamisha mzigo anaandikiwa tathmini yake ya mwaka, na kupendekezewa nyongeza ya mshahara, na mtu ambaye kazi yake ni kuutoa mzigo. Kwenye mchoro wa vyeo uliobandikwa ukutani, huo ulikuwa mstari mfupi tu kati ya visanduku viwili. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu, na uzito wa mstari ule ulinifikia mimi. Ofisa alibandika karatasi nyekundu kwenye paleti kadhaa akingoja majibu ya maabara. Meneja wa uzalishaji akanipigia: "Pakia hizo, nitaongea naye." Lori lilikuwa limeshafunguliwa. Nikamwomba aje aiandike amri hiyo kwenye kitabu cha zamu kwa jina lake. Hakuja, na paleti hazikupakiwa.

Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na lengo la tani kila siku, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya maabara kwenye kikao cha Jumatatu. Baada ya zile habari za Novemba, mkurugenzi mtendaji aliufuta mstari ule na kuuchora upya, ofisa wa ubora akawa anaripoti kwake moja kwa moja. Ofisa alikuwa yuleyule, maabara ileile, mahindi kutoka kwa wachuuzi walewale. Simu za "nitaongea naye" zikakoma.

Wakati huo nilikuwa nasoma diploma ya jioni ya usimamizi katikati ya mji, na huko nikakuta mabishano haya yana zaidi ya miaka mia. Frederick Taylor wa Marekani alitaka mfanyakazi awe na wasimamizi wanane, kila mmoja kwa utaalamu wake: huyu anaangalia kasi ya kazi, huyu matengenezo, huyu ukaguzi, huyu nidhamu. Henri Fayol, mhandisi wa migodi Mfaransa, alieleza 1916 kwamba mtu apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Darasani wengi walimpa Fayol haki. Mimi nilikuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, na nilimwona kila mmoja ana neno. Mtu wa ubora lazima awe na nguvu ya kusema simama, na hiyo ni sauti ya pili juu ya mpakiaji, tupende tusipende. Shida huanza pale wawili wanapoweza kumwagiza mtu mmoja mambo mawili yanayopingana, na haijaandikwa popote kwamba kwa jambo hili, kauli ya mwisho ni ya fulani.

Miaka miwili iliyofuata sisi wa Nairobi tuliliona jambo hilo likifanyika kwa jiji zima. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini hati ya kukabidhi kazi nne za kaunti kwa Serikali ya Kitaifa: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma, na mipango ya maendeleo. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Mohamed Badi akateuliwa kuongoza ofisi mpya ya kuzisimamia kazi hizo, iliyoitwa Nairobi Metropolitan Services, yaani NMS, na wafanyakazi wa kaunti wakahamishiwa chini yake. Lakini mswada wa kuipa ofisi hiyo fedha ulihitaji saini ya gavana, naye akakataa kuitia. Kazi zilikuwa zimehama, kalamu ya fedha imebaki palepale. Wakati huohuo ukisoma Kifungu cha 187 cha Katiba ya 2010, kinataka kazi inapohamishwa rasilimali zake zihamishwe nayo, na kinasema wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo tangu awali. Yaani unaweza kumpa mwenzako kazi, lakini huwezi kumpa jibu lako. NMS ilifungwa Septemba 2022 na kazi zikarudi kaunti. Niliifuatilia habari hiyo kila jioni kwenye redio, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakaimu.

Meneja wetu wa ghala alikuwa ameondoka ghafla, nikaambiwa nimshikie nafasi. Nilipewa funguo na redio ya mkononi. Lawama za mzigo uliochelewa zilikuja zenyewe. Saini sikupewa. Turubai la kufunikia magunia yaliyo uani lilipaswa kuidhinishwa na mtu wa fedha ambaye hakuwahi kukanyaga ghala, na mvua haikumngoja. Wale walioniita dada wakaanza kuniita madam mbele yangu, na nyuma yangu wakasema, "Huyu ni wa kupita." Niliwaelewa. Mtu akijua huenda usiwepo baada ya miezi mitatu, hawezi kupanga likizo yake kwa neno lako, wala kukubali onyo lako likae kwenye faili lake. Katika utumishi wa umma kuna kikomo: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema kukaimu kusizidi miezi sita. Kampuni binafsi hazifungwi na sheria hiyo, na kwenye barabara hii ya Lunga Lunga nawafahamu watu waliokaimu miaka na miaka.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wa shughuli na karatasi niliyoiandika kwa mkono. Niliuliza naweza kusaini hadi shilingi ngapi. Nikitofautiana na idara nyingine, nipeleke suala kwa nani? Naweza kumpa mtu onyo au kazi yangu ni kupendekeza tu? Na hali hii inaisha tarehe ngapi? Akaisoma mara mbili, akaniambia hakuna kaimu aliyewahi kumuuliza hayo. Barua ikaja baadaye, ina kiwango cha fedha na ina tarehe. Nilitoa nakala nikaibandika ubaoni ghalani, pembeni ya ratiba ya zamu, ili mpakiaji na dereva waisome sawa na mimi. Minong'ono ilipungua. Turubai lilinunuliwa wiki hiyohiyo. Yeyote anayeombwa kukaimu namsihi aipate barua ya namna hiyo kabla ya kupokea funguo, kwa sababu ukishazipokea hakuna mwenye haraka ya kuiandika.

Kuna jambo la dereva wa foklifti ambalo bado linanigusa. Aliniita pembeni mwanzoni mwa zamu. "Madam, hii breki inashuka hadi chini. Sibebi nayo." Malori yalikuwa foleni, na mteja wetu mkubwa hutoza faini kwa kila saa ya kuchelewa. Meneja wa usafirishaji akapaza sauti kwenye simu kiasi cha kusikika na kila mtu: kama hataki kazi, aende nyumbani, wapo wengi langoni. Alikosea, ingawa shida aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, maana faini ile ingekuja mezani kwake.

Watu wengi, mameneja kwa vibarua, wanaamini kwamba kukataa amri ya mkubwa ni kosa la kufukuzwa papo hapo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinautaja ukaidi huo kweli, lakini kinaeleza ni amri ya namna gani: iwe halali, iwe inayofaa, na iwe ndani ya kazi ambayo mtu huyo ana wajibu wa kuifanya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inakwenda mbali zaidi. Inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake wa karibu anapoona hatari kubwa, na inamkataza mwenye kiwanda kumrudisha mahali hapo hadi hatari iondolewe. Hata anayeshtakiwa kwa utovu wa nidhamu, Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kwa hiyo dereva yule aliponiambia "sibebi nayo" hakuwa ameuvunja mpangilio wa madaraka. Alikuwa amefanya sehemu yake, na zamu ilikuwa imenifikia mimi.

Nilichukua ufunguo nikaufungia kwenye droo, nikaandika kitabuni saa, namba ya mashine na maneno ya dereva kama alivyoyasema, nikampigia meneja kumwambia uamuzi ni wangu na atakayeulizwa ni mimi. Tulipakia kwa mikono na mkokoteni, polepole, na faini tuliilipa. Fundi alipokuja akakuta bomba la breki linavuja. Meneja hakumwomba dereva radhi. Lakini fomu ya ukaguzi wa mashine ilipochapishwa upya ilikuwa na mstari ambao haukuwapo: saini ya dereva, na pasipo saini hiyo mashine haitoki. Ni yeye meneja aliyeuongeza. Kwangu hiyo inatosha kuwa radhi.

Mvua za Aprili 2024 zilikuja na somo ambalo darasani tulilikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mto Ngong ulifurika, nyumba nyingi Mukuru zikaingiwa na maji, watu wakapoteza vyote walivyokuwa navyo. Huzuni yetu kiwandani ni ndogo ukiilinganisha na yao. Maji yaliingia ghala letu la nyuma saa nane usiku. Aliyeyaona kwanza ni mlinzi, na mlinzi si mfanyakazi wetu. Ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, na amri aliyopewa ni kwamba jambo lolote alipeleke kwenye chumba chao cha mawasiliano. Alifanya hivyo mara moja. Chumba cha mawasiliano kikampigia msimamizi wao wa doria. Huyo akamtafuta ofisa wetu wa usalama, aliyekuwa amelala. Alipoamka akamwandikia meneja wa utawala, na meneja wa utawala akaniandikia mimi kulipopambazuka.

Baadaye niliomba kuona kila ujumbe kwa mpangilio wake. Mlinzi alisema maji yamefika paleti ya chini. Chumba cha mawasiliano kikaandika kuna maji ghalani. Msimamizi wa doria akaripoti mvua kubwa, hali inafuatiliwa. Ulioingia kwenye simu yangu ulisema, "Habari ya asubuhi, tafadhali leo kagua paa." Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alilainisha kidogo ili asimtishe aliye juu yake, na habari iliyoanza na paleti ikaishia kwenye paa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba zamu ya usiku ya kufungasha ilikuwa kazini jengo la pili. Msimamizi wake alikuwa na vijana wa kutosha kuzihamisha paleti zote kabla maji hayajapanda. Nilimuuliza mlinzi, bila kumfokea, kwa nini hakuvuka uwanja. "Madam, nilimwona akipita na tochi. Lakini yeye si mkubwa wangu." Alikuwa amefuata alivyofundishwa. Angeiacha nafasi yake na geti livunjwe, ni yeye ambaye angepoteza kazi.

Yule Fayol anayekumbukwa kwa mkubwa mmoja alikuwa ameliona tatizo hili pia. Alisema watu wawili walio chini ya ngazi mbili tofauti waruhusiwe kuzungumza moja kwa moja, mradi wakubwa wao wamekubali tangu mwanzo na wanaarifiwa kilichofanyika. Bila hivyo habari inapanda ngazi moja yote hadi kileleni na kuteremka nyingine yote. Tuliita kikao cha kampuni ya ulinzi na ya kwetu. Walipinga, na hoja yao ilikuwa nzito: mlinzi akianza kupokea amri za msimamizi wa zamu, akatumwa kubeba magunia, kisha kitu kikaibwa getini, bima itamuuliza nani? Tulibishana asubuhi nzima. Karatasi iliyosainiwa mwishoni ina mambo machache. Kukiwa na maji, moto au mtu aliyeumia, mlinzi anampigia msimamizi wa zamu kwanza, kisha chumba chao cha mawasiliano. Anatoa habari, hapokei amri. Msimamizi wa zamu anahamisha mzigo bila kungoja ruhusa, na ataeleza asubuhi. Namba ya simu ya zamu imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi, maana walinzi hubadilishwa mara kwa mara na karatasi hupotea.

Sasa tunaletewa mfumo wa kompyuta wa kuidhinisha oda. Ni mzuri, unaonyesha kila saini na saa yake, na Mzee wa stoo angeupenda. Kijana anayeutengeneza aliuliza swali moja kikaoni: kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kitufe cha idhini kiwe kwa nani? Kimya. Kwa sasa kiko kwenye simu ya meneja wa fedha, anayeishi Ngong na huzima simu akilala, kama ilivyo haki yake. Hivyo zamu ya usiku haiwezi kutoa hata turubai. Nimependekeza msimamizi wa zamu aidhinishe hadi kiasi fulani, na taarifa imfikie mtu wa fedha asubuhi. Fedha wanasema huko ni kutoa pesa bila udhibiti, na wanastahili kujibiwa kwa hesabu. Tunakutana tena Alhamisi. Nimeomba msimamizi wa zamu ya usiku aje mwenyewe na kitabu chake, awasomee oda za mwezi uliopita zilizokwama hadi asubuhi na gharama ya kila moja.